Ombi la Tisa

Kanisani kwetu, mtu akitaka kumsema mwenzake bila dhambi huanza na neno moja: tumwombee. Tumwombee fulani, mumewe kaanza tena kunywa. Tumwombee fulani, binti yake kaonekana stendi na mvulana. Ukishasema hivyo unaweza kumwaga yote, na watu watafumba macho na kuitikia amina. Siwacheki, maana nami nimekaa kwenye viti vile vile na nimeitikia.

Kila mwaka, siku mia moja kabla ya mtihani wa Novemba wa kuingia chuo kikuu, akina mama wenye watoto wa mwaka wa tatu, ule wa mwisho wa sekondari, huanza maombi. Hukutana kanisani saa mbili usiku, muda ambao watoto wako tuisheni. Kila mmoja huweka picha ya mwanawe katikati ya Biblia, na kila mmoja huomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja, mpaka ukuta unatetema. Mwaka ule walikuwa kumi na mmoja. Aliyewashinda wote kwa sauti alikuwa Shemasi Tak, mke wa fundi boila, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Daon. Hakukosa hata siku moja. Siku aliyokuwa na homa alikuja na barakoa, akaombea ndani ya barakoa, na bado alisikika.

Daon mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mpole, mwenye nywele zilizomfunika nusu ya uso. Jumapili moja mwishoni mwa Septemba, vijana walipogawiwa kadi za maombi kama kawaida, wengine waliandika alama nzuri, wengine waliandika kupungua mwili. Daon aliandika mstari mmoja: Naomba nilale nisiamke mpaka Novemba ipite.

Kadi zilikusanywa na Mwinjilisti Maeng Juhi, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekabidhiwa vijana wote wa kanisa kwa sababu alikuwa mpya na hakujua kukataa. Aliisoma kadi ile mara tatu. Jioni akamwita Daon kwenye kibanda cha vitafunio nyuma ya shule, akaagiza sahani moja ya vipande vya keki ya mchele kwenye mchuzi wa pilipili, wakakaa wakitazamana.

"Umeandika kwa utani?"

"Ningetaka utani ningechora katuni."

"Daon, niambie kweli. Unawaza kujidhuru?"

Daon alikoroga mchuzi mwekundu kwa kijiti. "Hapana, Mwalimu. Hata nguvu za kuwaza hayo sina. Nimechoka tu. Tuisheni siendi tangu mvua za Agosti. Natoka na begi, nakuja kanisani, nakaa kwenye ngazi za kwenda chini, kule kwenye stoo ya viti. Ikifika saa nne narudi nyumbani."

"Mama yako anajua?"

"Mama anajua alama zangu."

"Nimwambie mimi? Kwa utaratibu."

"Ukimwambia atalifanya ombi," alisema Daon. "Kesho yake wanawake kumi watakuwa wamenishika kichwa. Naomba, Mwalimu. Usimwambie."

Mwinjilisti alinyoosha kidole kidogo, Daon akanyoosha chake, wakavikunja pamoja kama wafanyavyo watoto wakiapa. Kisha Daon akala vipande viwili na kusema ameshiba.

Ahadi ile haikumwacha Juhi alale. Alimfuata Mchungaji, naye alikuwa mlangoni anavaa viatu akiwahi kikao cha jimbo. Bila kuinua kichwa akamwambia, "Liweke kwenye maombi, usitaje jina." Ikasikika kama hekima. Jumatatu asubuhi, alipotuma mahitaji ya wiki kwenye kundi la simu la akina mama wa Siku Mia, aliongeza moja mwishoni, la tisa:

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu amechoka sana moyoni. Ameacha tuisheni, anakaa ngazini peke yake, anatamani alale asiamke mpaka Novemba ipite. Mzazi wake hajui. Tumwombee.

Alidhani akiliondoa jina amemwondoa na mtu.

*

Mama Daon aliusoma ujumbe ule jikoni, akiwa amesimama, na supu ya soya ikafurika. Aliizima, akaketi, akausoma tena. Daon alipotoka shule kuja kula kabla ya tuisheni, alimkuta mama yake macho mekundu.

"Mwenzenu mmoja ana shida kubwa," mama alisema huku akimwekea wali. "Wa mwaka wa tatu. Humjui?"

"Tuko wengi, Mama."

"Anakaa ngazini peke yake. Mtoto wa watu. Na wewe unatafuna tu, hata huulizi ni nani."

Daon aliacha kutafuna. Alimtazama mama yake kwa muda, na kama kuna dakika ambayo mambo yangeweza kwenda njia nyingine, ilikuwa ile. "Ungekuwa wewe ndiye mama yake, ungefanyaje?"

"Mimi?" Mama Daon alicheka kidogo kwa uchungu. "Ingefikaje huko? Mtoto anakaa mbele yako, unampakulia, unamtazama machoni, halafu usijue? Huyo mama ni kipofu. Tena ningempata ningemwambia."

"Labda mtoto anaficha vizuri."

"Mtoto hamfichi mama. Kula, utachelewa tuisheni."

Daon akala, akavaa begi, akaondoka. Jioni ile, ombi la tisa lilipofikiwa, Mama Daon alilia mpaka akalowesha picha iliyokuwa ndani ya Biblia yake. Ilikuwa picha ya Daon, ya kidato cha kwanza, anatabasamu na meno yenye waya za kunyooshea.

Tangu siku hiyo mtoto yule asiye na jina alihamia kwao. Mama Daon alimwona kila penye ngazi: ya kwenda posta, ya daraja la waendao kwa miguu, ya ghorofa lao wenyewe pale kati ya la tatu na la nne ambapo taa huzima ovyo. Akiosha vyombo alihisi kuna mtu amekaa nyuma yake, amekunja magoti, hasemi. Akigeuka haoni kitu. Alianza kupakua bakuli moja la ziada bila kukusudia, mpaka mumewe akauliza la nani.

"La yule," alisema.

"Yule nani?"

"Yule mtoto, Baba Daon. Kwani wewe huna moyo?"

Siku ya nne alinunua boga zuri, akalichemsha, akalisaga na unga wa mchele, akapika uji mzito. Sasa, kwetu mtahiniwa hapewi uji. Hata mtoto akiumwa tumbo mwezi wa tisa, mama atatafuta kitu kingine, kwa sababu wazee walisema uji huharibu mtihani, na hakuna mama anayetaka kuwajaribu wazee mwaka ule. Daon, ambaye tangu utotoni alipenda uji wa boga kuliko nyama, alikuwa hajauonja mwaka mzima. Alipoisikia harufu alikuja mpaka mlangoni mwa jiko.

"Wa nani huo?"

"Si wako, usiuguse. Wa yule mtoto. Nampa Mwinjilisti ampelekee."

"Naye si ana mtihani?"

"Mtihani wa nini tena kwa hali ile? Mtoto anahitaji kushiba, alale. Chuo kitakuja mwakani au kisije." Mama Daon alifunika bakuli la plastiki kwa mfuniko wa kijani, ule uliopasuka ukingo na kuzibwa kwa utepe. "Wewe leo una jaribio la hesabu. Nenda."

Daon alibaki mlangoni kidogo. Kisha akaenda.

*

Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na kata ya siri hii alikuwa Ujin, kijana aliyesoma tuisheni moja na Daon. Mama yake alimwuliza tu juu juu, "Eti kuna mtu kaacha tuisheni?" Ujin, bila kutoa macho kwenye simu, akajibu kiti cha Daon kiko wazi tangu Agosti, walimu wanajua, ada inalipwa kwa hiyo hawaulizi. Mama Ujin alikaa na jambo hilo nusu saa. Hakumwambia mtu yeyote. Alimwambia Mama Mchungaji peke yake, ili amwombee. Kufika Alhamisi akina mama kumi walijua, na mmoja hakujua.

Hakuna aliyemwambia. Si kwa ubaya; kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake, na kumwambia mtu kwamba mtoto wake ndiye yule kulihitaji uso ambao hakuna aliyekuwa nao. Badala yake wakawa wema. Mmoja alimletea peari sita zilizofungwa moja moja kwenye karatasi. Mwingine alimpisha kiti cha karibu na hita. Wakati wa ombi la tisa walipunguza sauti, wakamwachia yeye, na sauti yake ikabaki peke yake juu ya vichwa vyao, ikimlilia mtoto wa watu na kumsihi Mungu amfumbue macho mama yake kipofu. Mama Ujin alitazama sakafu. Nyumbani Mama Daon alimwambia mumewe, "Naona siku hizi wananiheshimu. Labda maombi yangu yamewagusa."

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yao jikoni. Waumini mia mbili walisubiri tambi za supu baada ya ibada. Mama Daon alikuwa kwenye sufuria kubwa, mikono imekunjwa mpaka viwiko, mvuke usoni, na alikuwa na furaha ya mtu anayependa kazi.

"Nimempikia uji mtoto yule," aliwaambia. "Mwinjilisti anasema aliumaliza wote. Mnaona? Alikuwa na njaa tu ya mtu. Nawaambia, mama yake angekuwa humu ndani, ningemwuliza mbele yenu wote: dada, wewe macho yako unayatumia kutazama nini?"

Kisu cha Mama Ujin kilikuwa juu ya kitunguu jani na hakikushuka. Bomba lilikuwa wazi, maji yanaenda, na aliyekuwa akiosha bakuli hakuliosha tena, alilishika tu. Mama Daon aligeuka na mwiko mkononi akitabasamu, akitafuta uso wa kuitikia, na kila uso alioufikia ulihama.

"Shemasi, koroga," alisema Mama Mchungaji kwa upole mno. "Tambi zinashika chini."

Upole ule ndio uliomwambia. Alizikumbuka peari. Alikikumbuka kiti cha karibu na hita. Akawahesabu waliokuwa mle jikoni, mmoja mmoja, pamoja na watoto wao, na kila mtoto alimwona yuko mahali pake, mpaka akabaki mmoja.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mama Daon..."

"Nauliza, mmejua tangu lini?"

"Alhamisi," alisema Mama Ujin, na machozi yakamtoka, ya kitunguu au ya kweli, hakuna ajuaye. "Ujin aliniambia kiti chake hakina mtu."

Mama Daon aliukoroga mchuzi mpaka mwisho. Aligawa tambi bakuli mia mbili, akamwekea kila mtu yai, akawaambia wazee karibuni. Mikono ilikuwa imezoea kazi. Alipomaliza alivua aproni, akaikunja, akaenda kumtafuta Mwinjilisti.

*

Alimkuta chumba cha vijana akipanga viti kuzunguka meza ya mpira wa mezani. Juhi alimwona usoni akajua. Aliinama mpaka nywele zikagusa meza.

"Nilimwahidi, Shemasi."

"Ulimwahidi hutaniambia mimi," alisema Mama Daon. "Ukawaambia wote waliobaki."

"Sikutaja jina."

"Kweli, hukutaja. Ndiyo maana niliweza kumtukana mama yake siku sita mfululizo mbele ya watu, na mama yake ni mimi."

Juhi hakujitetea tena. Alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile alivyokuwa akivipanga, mikono kwenye magoti. "Nilipaswa kumshika mkono nije naye kwako," alisema. "Kumwambia, ahadi hii siwezi kuitunza, lakini sitakuacha uende peke yako. Niliogopa kumpoteza yeye. Nikaogopa na hasira yako. Nikajificha nyuma ya maombi. Nisamehe."

Mama Daon alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, msichana mwenyewe alikuwa mtoto. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Na uji?"

"Nilimpelekea ngazini. Aliujua nilipotoa tu bakuli kwenye mfuko, kwa sababu ya mfuniko."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwaka huu hajapikiwa uji, ila huyo mtoto mwingine amepikiwa. Halafu akala wote. Alilamba na kijiko."

Mama Daon alishika ukingo wa meza. Mpira mweupe ulikuwa pale juu, ukaanza kubingirika polepole, na wote wawili wakautazama mpaka ukaanguka.

Nyumbani mumewe alikuwa mbele ya televisheni. Daon alishatoka na begi tangu saa saba. Mama Daon alisimama kati yake na mechi.

"Baba Daon, mtoto anakula chakula anachofungashiwa cha tuisheni?"

Yeye alipunguza sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Anarudisha."

"Mbona mimi naliona boksi tupu?"

"Nakula mimi. Namngoja chini ya ghorofa; anapofika nakula kwenye gari, kabla hatujapanda." Alijikuna shingo. "Ungemgombeza."

"Tangu lini?"

"Tangu joto. Nilidhani ni joto."

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Kila mmoja alishika kipande chake na kukificha kwa mapenzi, na katikati yao mtoto alikuwa akipotea, kidogo kidogo, bila kelele. Mama Daon aliingia chumbani kwa binti yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri mno. Ukutani kulikuwa na karatasi ya kuhesabu siku aliyoibandika yeye mwenyewe, mama, na kila siku iliyopita ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, mpaka ya Agosti ishirini na tatu. Baada ya hapo hakuna aliyekata tena, na yeye alifagia chumba kile kila asubuhi.

*

Saa mbili kasoro alikuwa kanisani. Wenzake walishangaa kumwona. Walimpisha tena kiti cha karibu na hita, naye akakaa, akafungua Biblia, akaitazama ile picha ya meno yenye waya. Maombi yalianza. La kwanza, la pili, la tatu, kila mtu na mwanawe, sauti zikapanda na ukuta ukaanza kutetema. Walipolikaribia la tisa alisimama, akafunga Biblia, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Ngazi za kwenda chini zilianzia hapo hapo nyuma ya mlango. Katika miaka kumi na minne ya kuja kanisani hakuwahi kuzishuka usiku. Taa ilikuwa moja na hafifu. Harufu ya viti vya zamani na mkeka. Alishuka ngazi saba, akamwona yule mtoto. Alikuwa amekaa vile vile alivyomwona kila mahali wiki nzima, magoti yamekunjwa, nywele usoni, hasemi. Na kwa pumzi moja Mama Daon aliogopa kwamba akimwita ataondoka kama alivyoondoka kila alipogeuka kumtazama jikoni. Pembeni yake kulikuwa na bakuli lenye mfuniko wa kijani, limeoshwa.

Hakumwita. Alikaa ngazi ile ile, begi likiwa katikati yao. Daon hakushtuka. Labda alikuwa akimngoja tangu Agosti.

"Mwinjilisti amekwambia," alisema Daon.

"Hapana. Wamenionea huruma, nikajua."

Daon aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayeelewa jambo hilo vizuri sana. Baridi ilipanda kutoka kwenye saruji. Mama Daon alivua sweta yake, akataka kumvika, akakumbuka kwamba hakuulizwa, akaiweka juu ya begi. Baadaye kidogo Daon aliichukua.

"Mahali pote huko nje," mama alisema, "kwa nini hapa?"

Daon alinyoosha kidole juu. Ndipo Mama Daon aliposikia. Sakafu ya ukumbi ilikuwa dari lao, na sauti za wanawake zilikuja chini kupitia kwenye zege zimechanganyika, bila maneno, kama redio ya nyumba ya jirani.

"Yako huwa inatofautiana," alisema Daon. "Nyingine hazisikiki, yako inasikika neno kwa neno. Mwanzoni ulikuwa unasema alama, alama, chuo cha Seoul, alama. Nilikuwa naziba masikio. Halafu wiki hii ukaanza kumwombea yule." Alivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulimwombea vizuri, Mama. Ulisema, Bwana, asifaulu kitu chochote, awepo tu. Nilimwonea wivu sana."

Mama Daon alitaka kusema ni wewe, alikuwa wewe. Lakini haikuwa kweli, na wote wawili walijua haikuwa kweli. Alimlilia mgeni. Alinyoosha kidole chake kidogo kwenye giza, hakujua anaahidi nini, na kidole kikakaa hewani muda mrefu kabla Daon hajakigusa.

Juu walikuwa wamefika la tisa. Ilijulikana kwa sababu sauti zilipungua ghafla, zikasimama, zikingoja ile moja iliyozoea kubaki. Ukimya ulishuka ngazi mpaka walipokuwa.

"Wanakusubiri," alisema Daon. "Nenda, utachelewa."

"Nimeshachelewa," alisema mama yake, na hakuinuka.